Usianze na "nani alibuni": kwa wanaoanza kuchunguza sanaa zetu

Wengi wenu mnaoingia kwenye kazi hii ya kuchunguza sanaa mnakuja na swali moja mkononi: nani alianzisha? Kwa mwandishi anayetafuta kichwa cha habari, swali hilo ni zuri. Kwa mtafiti ni swali la kuwekwa akiba. Ukilitanguliza, fundi atakutajia jina, utaliandika, mtapeana mikono, na mazungumzo yatakuwa yameishia hapo kabla hujaona lolote.

Nimekaa miaka mingi kwenye vibanda vya wachoraji, vijiweni kwa wachongaji na kwenye mazoezi ya vikundi vya taarab na bendi za dansi, kwanza nikiwabebea watafiti wengine vinasa sauti, kisha kwa kazi zangu mwenyewe, na sasa kwa kusimamia kazi za wanafunzi. Msimamo wangu ni huu: ubunifu unaonekana vizuri zaidi ukimtazama anayepokea kuliko ukimtazama anayetoa. Nani alinunua? Nani aliiga? Nani alicheka, nani alikataza, vifaa vilikuwa vya nani? Mwenye kipaji yupo, wala simnyimi haki yake. Ila kipaji bila watu wa kukipokea hubaki mazoea ya mtu chumbani kwake, na hakuna atakayekuita ukakichunguze.

Chukueni uchoraji wa Tingatinga, kwa kuwa kila mtu anadhani anaujua. Hadithi fupi mnaisikia kila mahali. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Alipita kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, akaingia Dar es Salaam kutafuta maisha, akafanya kazi za nyumbani na vibarua vya hapa na pale. Mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama kwenye vipande vya mraba vya hadibodi, kwa rangi ya mafuta ile ya kupakia baiskeli. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafariki. Alichora kwa miaka minne hivi. Wageni huondoka na hadithi hiyo wakiwa wameridhika kabisa, na nyie mkiondoka nayo hivyo hivyo mtakuwa mmelipia ada bure.

Miaka minne ya mtu mmoja imezaaje mtindo ambao bado unachorwa zaidi ya nusu karne baadaye?

Anzeni na dukani. Hadibodi ni kifaa cha ujenzi, watu waliitumia kwenye dari. Rangi ya mafuta iliuzwa kwenye maduka yale yale yenye misumari na bawaba. Hakuna kilichohitaji kuagizwa Ulaya, wala barua ya mwalimu wa sanaa. Kijana mwenye pesa ya mboga ya siku chache aliweza kuanza. Kisha fanyeni hesabu ya fundi seremala: bodi ya futi nne kwa nane ukiikata kwa futi mbili kwa mbili unapata vipande vinane, hakibaki kipande cha kutupa. Picha za mwanzo za Tingatinga ni za mraba wa takriban sentimita 60 kila upande. Sisemi kwamba hesabu ya bodi ndiyo iliyobuni mtindo. Nasema mtafiti asiyejua bei na kipimo cha bodi hana haki ya kuandika kurasa tatu juu ya "uchaguzi wa umbo".

Na rangi nayo ina tabia zake. Rangi ya mafuta inang'aa, inakauka polepole, na ukiichanganya juu ya bodi ingali mbichi inakuharibikia. Kwa hiyo unapaka eneo zima kwa rangi moja, unasubiri, unapaka juu yake nyingine, unamalizia kwa mistari na nukta. Ule usafi wa rangi na ule ukingo mkali unaowafanya watu waseme "hii Tingatinga" ukiwa hatua kumi mbali una sababu ndani ya kopo.

Kisha nendeni sokoni. Picha ziliuzwa Oyster Bay, Dar es Salaam, nje ya duka la Morogoro Stores, mahali walipokuwa wakinunua mahitaji Wazungu na maofisa wa balozi. Mnunuzi huyo alitaka kitu kinachoingia kwenye sanduku la safari na kinachosema "Afrika" ukutani kwake. Tembo, chui, ndege wenye shingo ndefu. Jirani wa Tingatinga huko Tunduru hakuwa na haja ya kutundika picha ya tembo, maana tembo alikuwa akimlia mahindi shambani. Wapo wanaolitaja jambo hili kwa kubetua midomo: "sanaa ya watalii". Dharau hiyo naiona ni uvivu. Anayeimba arusini ana wenye arusi, anayechora msikitini ana wenye msikiti, na mchoraji wa Oyster Bay alikuwa na wake. Kazi yako ni kumchunguza huyo mnunuzi kwa makini yale yale unayomchunguza mchoraji. Alikataa nini? Alirudi kuulizia picha gani? Mchoraji anayeishi kwa mauzo ya siku anayajua majibu haya kwa kichwa, na atakuambia kwa furaha kuliko atakavyokueleza "falsafa" yake.

Kuhusu asili ya mtindo wenyewe mtakuta mabishano. Wapo wanaosema Tingatinga aliona picha za wachoraji kutoka Kongo zilizokuwa zikiuzwa Dar es Salaam wakati ule. Wapo wanaorejea kwenye michoro ya kuta za nyumba huko kusini alikotoka. Msikimbilie kuchagua upande ili mwonekane mna msimamo. Mtu anayetafuta riziki barabarani huona kinachouzwa na mwenzake, na mtu huyo huyo alikulia mahali penye kuta zilizochorwa. Hayo mawili hayagombani ila kwenye tasnifu.

Sasa njooni kwenye jambo ninaloliona zito kuliko yote: jamaa. Majina ya waliojifunza kwake yanajulikana: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Tedo, Omari Amonde, Simon Mpata. Waliingia kwa mlango wa undugu na utani wa watu wa kusini waliokutana mjini, kama vile mtu anavyomtafutia binamu yake kazi ya ukonda. Alipofariki mwalimu wao wangeweza kutawanyika, kila mmoja akarudi kwenye vibarua. Waliendelea kuchora, wakafundisha ndugu wengine, na mwaka 1990 pakawa na ushirika rasmi, Tingatinga Arts Cooperative Society, pale pale Oyster Bay. Mpata alihamia Kenya, na jina lake likavuma hadi Japani. Bila mtandao huo wa mashemeji na mabinamu tungekuwa na vipande vichache vya hadibodi kwenye nyumba za mabalozi wastaafu, basi.

Ndiyo maana nawaambia wanaoanza: kabla ya kuuliza kuhusu sanaa, chora kwanza ukoo wa kibanda. Nani ni mtoto wa dada wa nani, nani alimleta nani mjini, nani alilala kwa nani miezi ya kwanza. Utaona mitindo midogo midogo inafuata mistari hiyo hiyo.

Hapo ndipo mtakapogongana na suala la kuiga. Mwanafunzi akiingia kibandani siku ya kwanza anaona twiga ishirini wanaofanana, anaandika kwenye daftari: "hakuna ubunifu, wanakopi". Nimeusoma mstari huo kwenye madaftari ya watu werevu kabisa. Dawa yake ni hii. Mwombe mchoraji mmoja azungushe macho kibandani akutajie kila picha ni ya nani, sahihi ikiwa imefunikwa. Atakutajia bila kusita: huyu kwa jinsi anavyokata jicho, yule kwa nukta zake, yule mwingine kwa namna anavyoififisha rangi ya nyuma kutoka njano kwenda nyekundu. Mwanafunzi naye ana ngazi zake. Anaanza kwa kuandaa bodi na kupaka rangi ya msingi, anapewa majani na nukta, anakuja kuaminiwa mnyama mzima, na mwisho kabisa anaruhusiwa kupanga picha yake. Kuiga ndiyo shule yenyewe. Upya unaingia katika tofauti ndogo ambazo macho ya mgeni bado hayajafundishwa kuziona.

Na tofauti hizo zikikusanyika zinahamisha mtindo mzima. Mwanzoni alikuwa mnyama mmoja juu ya rangi tupu. Baadaye wakaja wanyama waliosongamana hadi hakuna nafasi ya kidole, wakaja mashetani, wakaja vijiji, hospitali, masoko, foleni za mjini. Mohamed Charinda alijulikana kwa picha zinazosimulia visa. Ukiuliza ni lini hasa mabadiliko yalitokea, utapewa tarehe tano tofauti. Zote andika.

Kila kibanda pia kina sheria yake isiyoandikwa juu ya kipi kinaigwa na kipi kinaachwa. Twiga ni wa wote. Lakini mtu akipata mpango mpya wa picha, ukauzika wiki hii, akaukuta kibanda cha jirani wiki ijayo, patakuwa na maneno. Hapo simama usikilize, usijifanye umeona simu yako inaita. Katika ugomvi wa namna hiyo ndipo watu husema waziwazi ubunifu ni mali ya nani na kwa muda gani, maneno ambayo kwenye mahojiano ya kupangwa huyapati hata ulete soda kreti nzima. Kwa sababu hiyo hiyo msipige picha kazi mpya kwa simu bila ruhusa. Picha yako itapita kwenye makundi ya WhatsApp na kufika kibanda cha tatu kabla hujafika stendi, na wewe ndiye utakayekuwa umevunja sheria uliyokuja kuichunguza.

Kwa wachongaji wa Kimakonde nitapita haraka, kwa kuwa wengi wenu mtafika wenyewe kwenye soko lao la Mwenge, Dar es Salaam. Roberto Yakobo Sangwani anatajwa kuwa ndiye aliyechonga, mwishoni mwa miaka ya 1950, mnara wa watu waliobebana ulioitwa dimoongo, ambao baadaye, siasa ya Ujamaa ilipokuja, ulivaa jina la siasa hiyo. Samaki Likankoa anatajwa kwa vinyago vya shetani. Majina haya mnayapata kirahisi. Jina ambalo wanafunzi hulisahau ni la Mohamed Peera, mfanyabiashara wa Dar es Salaam aliyekuwa akinunua kazi hizo na kuwahimiza wachongaji waendelee na njia mpya. Mfanyabiashara anayesema "niletee nyingine kama hii" ameingiza mkono wake kwenye mpingo. Mtafuteni mtu wa aina hiyo katika kila sanaa mnayochunguza. Mara nyingi hana sifa nzuri mtaani, na mara nyingi ana kumbukumbu nzuri kuliko wote, kwa sababu aliandika hesabu.

Vyuoni mtafundishwa kwamba mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi alipendekeza mwaka 1988 tuache kuuliza ubunifu ni nini, tuulize uko wapi, na jibu lake ni kwamba uko katikati ya mambo matatu: mtu, elimu aliyoirithi, na wajuzi wanaoamua kipi kiingie kwenye elimu hiyo. Msomeni. Kabla yake Howard Becker, aliyekuwa mpiga piano kabla ya kuwa msosholojia, aliandika juu ya sanaa kama kazi ya watu wengi wanaoshirikiana, hadi muuza rangi. Naye msomeni. Ila mkiwaleta hawa pwani wabaneni kidogo. Wajuzi wa Csikszentmihalyi ni wahariri, maprofesa, wenye majumba ya maonyesho. Kwetu anayeamua mara nyingi hana cheo wala ofisi. Ni mama aliyevaa gauni jipya katikati ya ukumbi, mkononi ameshika noti.

Nazungumzia kutunza. Katika taarab mtu hatunzi mwisho wa wimbo kama apigaye makofi. Anainuka kwenye ubeti unaomhusu, au anaotaka umhusu mwenzake aliyekaa meza ya pili, anacheza taratibu hadi jukwaani, anatoa noti huku macho yameelekea anapotaka yaelekee. Mwimbaji aliye macho anaurudia ubeti. Wiki ijayo mtunzi anajua mstari gani una moto. Huu ni uhariri unaofanyika hadharani, mstari kwa mstari, kwa fedha taslimu. Mkienda ukumbini basi msikae kuandika maneno ya wimbo, hayo mtayapata kwenye rekodi. Andikeni nani aliinuka, ubeti upi, na nani alibaki amekaa amenuna.

Watu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, walilijua hili tangu zamani. Alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za kampuni ya HMV, na watu humtaja kama sauti moja iliyotoka Fumba. Lakini alikuwa na wenzake wa kikundi, Subeti, Buda, Mbaruku na Mwalimu Shaaban, na nyimbo ziliiva nyumbani kwake Ng'ambo, watu wakizungumza habari za mjini: kesi zilizoamuliwa vibaya, matajiri walioaibika. Habari iliingia mlangoni na jirani, ikatoka na udi na fidla.

Kiungo kingine ambacho vitabu vya nadharia hukipitia juu juu ni ushindani wa pande mbili. Pwani yetu haikubuni kwa amani. Zama za beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, palikuwa na vyama vya Marini na Arinoti, kila upande na sare zake, vyeo vyake na nyimbo za kuutia upande wa pili aibu. Miaka ya 1990 Dar es Salaam ilikuwa na vikundi vya Tanzania One Theatre na Muungano, Khadija Kopa na Nasma Khamis wakijibizana hadi mipasho ikawa aina ya muziki yenye mashabiki wanaofuata kama wafuatavyo mpira. Wimbo wa upande mmoja hauna maana kamili bila jibu la upande wa pili. Ukichunguza kikundi kimoja tu umesikia nusu ya mazungumzo. Najua muda na nauli ni tatizo, lakini ni bora mwezi mmoja kwa hawa na mwezi mmoja kwa mahasimu wao kuliko miezi sita upande mmoja. Na usivae kanga za upande wowote. Watakuangalia.

Bendi za dansi zina somo lao, somo la vyombo. Kwa miaka mingi gitaa, ngoma na vipaza sauti havikuwa mali ya wanamuziki. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, baadaye ilikuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Polisi walikuwa na bendi yao, vijana wa chama tawala na yao. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, akifanya mazoezi kwa ratiba na watu wale wale mwaka hadi mwaka. Ule mpangilio wa magitaa yanayopokezana, na tarumbeta zinazojua ziingie wapi, ulihitaji watu kukaa pamoja muda mrefu kwa gharama ya mtu mwingine. Tena kila bendi ilishika mtindo wake, Sikinde kwa Mlimani Park, Msondo kwa NUTA, ili mpita njia ajue ni ukumbi gani kabla hajaona bango. Mwaka 1985 baadhi ya wanamuziki wa Mlimani Park, Muhiddin Maalim Gurumo akiwa mmoja wao, walipohamia bendi ya International Orchestra Safari Sound, ulizuka mtindo mpya, Ndekule. Watu ni wale wale, lakini mwajiri na ukumbi vimebadilika. Kwa mtafiti hiyo ni zawadi. Sikilizeni rekodi za kabla na za baada, muulize kilichohama na kilichobaki.

Tena palikuwa na mlango wa kukataza. Studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa karibu njia pekee ya wimbo kurekodiwa na kusikika nchi nzima, na maneno yalikaguliwa kwanza. Watunzi wakazidi kuyakimbilia mafumbo, ambayo lugha yetu ilikuwa nayo tele tangu enzi za Muyaka, mshairi wa kale wa Mombasa. Wanafunzi hupenda kuandika kwamba ukaguzi uliua ubunifu. Mara nyingine uliua kweli. Mara nyingine uliwapa wasikilizaji kazi ya kubishana wiki nzima mkaanga samaki wa wimbo fulani ni nani serikalini. Ulizeni kisa kwa kisa.

Mambo ya kiutaratibu ni machache. Tafuteni kibali mapema, na msidharau barua ya serikali ya mtaa, maana mjumbe atakuuliza hiyo kabla ya ile ya chuo. Saa za fundi ni fedha: ukimkalisha asubuhi nzima nunua kitu au mlipe, na usiahidi "tutakutangaza nje". Kaa angalau siku moja ambayo hakuna mteja. Siku hiyo watu hujaribu vitu.

La mwisho ni la uandishi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 iliipa COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, kazi ya kuandikisha kazi na wenye haki, na fomu hutaka jina la mtunzi. Kwenye bendi mmoja alileta maneno na sauti, mpiga solo akaweka utangulizi ambao ndio watu wanaoukumbuka, wa tarumbeta wakaweka kipande cha kati, na shabiki mmoja ndiye aliyesimulia kisa chenyewe baa. Ukiandika "wimbo wa fulani" kwenye tasnifu yako, kuna siku mtu atakuja nayo ofisini kama ushahidi, na kuna mjane wa mpiga solo atakayekosa mgao. Kwa hiyo andikeni kwa mafungu: maneno yaliletwa na nani, solo ya nani, vyombo vya nani, kisa cha nani. Waulizeni wakiwa pamoja, kisha mmoja mmoja. Majibu yakitofautiana, yaacheni yatofautiane kwenye karatasi, na mtaje nani alisema lipi.